Masale Nyuma ya Kituo

Sajenti huupanda mteremko wa Old Moshi polepole, kofia kwapani, mkononi jani la isale, lile Wachaga wanalopeleka kuomba msamaha. Askari wapya wanatoka chuoni leo, kesho wanapewa kirungu na zamu ya peke yao. Wakimuumiza mtu, anatumwa yeye. Amewaandikia wakubwa barua mpaka amechoka, kwamba vijana hawa wapewe mtu wa kuwaangalia. Mwaka huu amepanda masale nyuma ya kituo, asiendelee kuwasumbua majirani kwa kuomba majani.

Leo Mama Praygod amelipokea jani, kwa kuwa halikataliwi.

"Mwanangu bado hainui mkono, afande. Huyo aliyempiga yuko wapi?"

Sajenti anatazama viatu vyake.

"Yuko zamu, mama. Peke yake."