Niliandika Kwamba Injini ya Ndege ya Mzee Imechomolewa

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si njaa, si mtandao kukatika. Ni mimi na simu yangu!

Jina langu niachieni. Nina kituo kidogo cha habari cha mtandaoni, chumba kimoja juu ya duka la mapazia Kariakoo. Mhariri ni mimi, mpiga picha ni mimi, na ufagio naushika mimi. Siku hizo nilikuwa nimepeleka barua ya posa mtaa wa Gerezani, kwa kina Mwanaidi (si jina lake), na jibu lilikuwa halijatoka. Nilikuwa silali kwa kumpenda yule binti.

Baba yake ni fundi ndege mstaafu, na ana ndege yake mwenyewe. Usitoe macho! Ni ile nyembamba, mabawa marefu, haina injini kabisa. Gari linaivuta kwa kamba ndefu mpaka inanyanyuka, kamba inaachiwa, halafu inaelea kwa kufuata hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Mwewe hufanya hivyo hivyo kila siku na hakuna anayemshangaa.

Miaka nenda rudi mzee amezunguka vyumba vya habari akiomba waje waone. Wanamuuliza imeua wangapi. Akisema haijaua mtu, wanamwambia watampigia. Mtaani ndiyo usiseme, wapo wanaoamini kabisa ni ungo wa kichawi, wa kisasa.

"Mwanangu, wewe ni mwandishi," aliniambia siku moja, baada ya kunieleza ndege ile mwanzo mpaka mwisho. "Jumamosi njoo uwanjani. Andika ulichokiona, basi. Hapo nitajua barua ya posa niliyopokea imeandikwa na mtu wa namna gani."

Nikaenda, mbali nje ya mji. Mzee akaanza kukagua mabawa, skrubu moja baada ya nyingine. Saa nzima! Mara simu ikaita. Kariakoo kuna mbuzi amepanda mpaka ghorofa ya nne na amegoma kushuka.

Mbuzi, ndugu yangu! Nikapiga ndege picha mbili, nikamdanganya mzee kwamba mama yangu kazidiwa, nikaondoka kabla haijaruka. Mzee wa watu akaniombea dua.

Yule mbuzi alinipa watazamaji si mchezo. Jioni ndipo nikaikumbuka ndege, na sikuwa nimeona lolote la kuandika. Nikazitazama picha. Pale puani palikuwa patupu. Tamaa ikaniingia, nikaandika kwa herufi kubwa: "SIMANZI! NDEGE YA MZEE WA GEREZANI YAKUTWA HAINA INJINI! NANI KAICHOMOA?"

Uongo mtupu! Ukasambaa kuliko mbuzi.

Sasa Gerezani ndiko kwenye maduka ya spea. Wauzaji wakaona wametajwa wao. Asubuhi yake nilikuwa barazani kwa mzee, natafuta pa kuanzia kujieleza, tukasikia vigelegele. Mkokoteni unakuja! Juu yake injini ya daladala ya Haisi imefungwa utepe mwekundu, na nyuma umati.

"Shikamoo, mzee!" alisema kiongozi wao, shati limejaa oili.

"Marahaba."

"Mzee wetu, sisi si wezi. Injini yako hatujaigusa. Ila tumeumia sana, tukaona tukuletee hii. Nzima, haijafunguliwa hata nati."

"Ahsanteni, wanangu. Lakini ndege yangu haina injini."

"Tunajua, mzee. Pole sana!"

"Haijawahi kuwa nayo."

Mama mmoja akashika kichwa. "Maskini! Kumbe walimuuzia hivyo hivyo!"

"Inaruka bila injini," mzee akasema, taratibu.

Umati mzima ukarudi nyuma hatua mbili. Nikasikia mtu ananong'ona, "Si niliwaambia? Ungo!"

Mzee akanigeukia. "Mama yako anaendeleaje?"

Mungu wangu! Mama yangu, ambaye kwenye video ya mbuzi yuko mstari wa mbele, anacheka mpaka khanga inamdondoka! Na Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, video inacheza.

Mzee hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Miaka yote nilidhani hawaandiki kwa sababu hawaelewi. Wewe nilikuelewesha."

Nililia mbele za watu, mwanaume mzima, mkono juu ya injini ya Haisi.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba anipandishe. Nilipiga kelele mpaka kamba ilipoachiwa, kisha nikanyamaza, maana kulikuwa kimya na kuzuri kuliko nilivyowahi kufikiria. Nikaandika yote kama nilivyoyaona. Wakasoma watu kumi na mmoja, wanne wa nyumbani kwetu.

Mzee aliisoma habari ile mara mbili. Barua yangu hajaichana, ila jibu bado, na Mwanaidi simu zangu anapokea anapojisikia. Injini imebaki barazani, wauzaji walikataa kuichukua tena. Kila nikienda kumwamkia mzee, ananikabidhi kitambaa bila neno, nami naifuta vumbi.

Wewe mwenzangu mwenye simu na haraka, nakuomba. Mtu akikuita uone kitu anachokipenda, kaa mpaka kiruke. Na yule mbuzi, kwa taarifa yako, alishuka mwenyewe.