Kikompyuta Kilichonyamaza Lweba

Gloriose Nshimirimana hagusi bisibisi kwanza. Anakiinua kikompyuta, bamba dogo linaloenea kiganjani, anakisogeza puani na kunusa. Hakuna harufu ya kuungua. Anakirudisha mezani, kibandani mwake sokoni Baraka, anakiunganisha na umeme, kisha anainama kukitazama kitaa chake chekundu.

"Ile taa iko inasema," anaeleza. "Ikizimika-zimika, ujue umeme haitoshe."

Mjane huyu wa miaka thelathini na minane alivuka kutoka Burundi mwaka 2015, akapokelewa katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, mashariki mwa Kongo. Marehemu mumewe, Ndizeye, alikuwa fundi wa redio. Gloriose alitaka kuuza begi la vifaa vyake, akashindwa kuliachia. Akaanza kufungua redio mbovu, moja baada ya nyingine. Mwanzoni wateja walimuuliza fundi yuko wapi.

Mwezi wa sita uliopita aliletewa kikompyuta cha shule moja ya Lweba, kinachorusha masomo hadi kwenye simu za wanafunzi bila intaneti. Kilikuwa kikiwaka, lakini hakuna simu iliyokiona. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza siku tisa, na wanafunzi arobaini na mmoja hawakuwa na vitabu. Direkta, mkuu wa shule, alitaka kipelekwe kwa mafundi wa Uvira, safari ambayo ingekula wiki nzima. Gloriose aliomba siku mbili.

Kwanza alilaumu waya wa umeme, mrefu na mwembamba mno. Akaweka mfupi, mnene. Kitaa kikatulia, simu zikakiona. Anatole, mwalimu wa fizikia wa shule hiyo, akakirudisha Lweba akiwa na furaha.

Kesho yake asubuhi akapiga simu: kimenyamaza tena.

Gloriose alikwenda mwenyewe. Direkta alimpokea kwa kumkumbusha habari za Uvira. Ofisini akakuta kikompyuta ndani ya sanduku la chuma, limefungwa kufuli. Akaomba ufunguo, akakitoa, akakiweka juu ya meza. Baada ya muda mfupi simu ya Anatole ikakiona. Chuma kilikuwa kikizuia mawimbi.

Anatole aliinamisha kichwa. Wiki ile ile kilipoanza kunyamaza, alikuwa amekificha humo panya wasitafune waya.

"Kosa iko yangu," alimwambia direkta. "Batoto bangeanguka mtihani sababu ya mimi."

Gloriose hakumsimanga. Alisema waya nao ulikuwa mbaya kweli, kisha akaomba mbao. Wakakitengenezea kasha, na wanafunzi wakasoma siku saba zilizobaki. Matokeo yalipotoka, thelathini na watatu walikuwa wamefaulu. Anatole alikuja hadi Baraka kumpa habari hiyo ana kwa ana.

Sasa shule moja ya Kilembwe imemwita, nayo kikompyuta chake hakionekani kwenye simu. Hatakwenda peke yake. Florentine, mama mkimbizi mwenzake ambaye hadi mwaka jana alijua jembe tu, anajifunza kwake kila Jumamosi. Gloriose anatamani siku moja wawe akina mama mafundi kumi Lusenda.

"Kule Kilembwe, Florentine ndiye ataifungua," anasema. "Mi nitakaa kando, nifunge mudomo."