Yadi Thelathini za Makambako

Watu wakinisifia adabu huwa nanyamaza, maana nikifungua mdomo nitatoa maneno yasiyo ya adabu. Sifa hiyo niliipata Makambako, enzi za Mwingereza, siku niliyoshuka kwenye baiskeli nikiwa naongoza mashindano.

Nilikuwa tarishi wa ofisi ya wilaya Njombe. Barua nilizipeleka kwa baiskeli, na sikuvumilia kupitwa. Hata mzee wa baiskeli aliyejiendea zake kusagisha mahindi nilishindana naye. Mbio ndefu hazikuwa zangu, kifua kiliniwaka nikifika mlima wa pili. Lakini nipe njia iliyonyooka, nusu maili tu, halafu unitafute. Miaka mitatu mfululizo nilishinda mbio fupi za wilaya. Mwaka wa nne Bwana DC akatangaza kwamba tutashindania Makambako, na mshindi atakwenda Dar es Salaam kupambana na watu wa majimbo mengine. Niliitaka safari ile mpaka usingizi ukanipaa. Nikafungua madigadi, keria na kengele ili baiskeli iwe nyepesi. Mke wangu, tulikuwa ndio kwanza tumeoana, akanicheka kwamba kesho nitafungua na tandiko.

Sasa, kwetu Wabena mama mkwe haangaliwi usoni. Ukimkuta njiani unashuka, unavua kofia, unakaa pembeni macho chini hadi apite. Babu alinifundisha hayo wiki moja kabla ya harusi, harakaharaka, kwa sababu nilikulia bweni la misheni na mengi ya nyumbani yalinipita. Niliyashika yale machache kama amri za Mungu.

Siku yenyewe upepo wa Makambako ulikuwa unapuliza vumbi, na watu walijipanga pande zote mbili za barabara. Tulianza tisa. Nusu ya njia nilikuwa peke yangu mbele. Zilipobaki kama yadi thelathini nikamwona mwanamke mrefu, bega la kushoto limeshuka, ameingia ukingoni mwa barabara. Mama mkwe wangu! Tulitazamana kufumba na kufumbua, kisha akajifunika khanga kichwani na kunigeuzia mgongo.

Nikajua nimemuudhi kwa kumjia kasi namna ile. Nikakamata breki, nikashuka, nikavua kofia. Wote wanane wakanipita, hata karani wa dukani mwenye kitambi.

Jumapili mchungaji alinitaja kanisani kuwa mfano kwa vijana. Nilitoka kabla ya sadaka.

Sikushindana tena. Baiskeli niliirudishia keria, nikaendelea na barua zangu, na hasira yote nikamtupia yule mama. Alifuata nini pale? Hakuwa na shamba la kupalilia? Kila mavuno alituletea unga wa ulezi, nami kila mavuno nilisema una mchanga. Paa lake lilipovuja, wakwe wenzangu walikwenda kumkatia nyasi. Mimi nilituma salamu kwamba kazi zimenibana. Hazikunibana. Na kwa kuwa mila haikuturuhusu kuzungumza, hakuna aliyeona kwamba nimemnunia, isipokuwa mke wangu na yeye mwenyewe.

Alifariki mwaka wa tisa tangu mbio zile. Tulipotoka kuzika, nikaropoka kwamba angalau sasa hakuna wa kunizibia njia barabarani. Mke wangu akasimama palepale.

"Baba watoto, mama alitembea tangu alfajiri aje kukuona ukishinda. Wenzake walimsukuma ndiyo akajikuta mbele. Alikugeuzia mgongo upite."

"Upite vipi?"

"Mkwe akikupa mgongo, amekuachia njia. Hujamwona, hajakuona. Sisi wasichana tunafundwa hivyo wote. Wewe hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Babu alinifundisha upande wa wanaume tu, tena kwa haraka, nami sikuuliza.

"Na wewe mbona ulinyamaza miaka yote hii?" nilimfokea, kana kwamba kosa ni lake.

"Alinikataza," akasema, huku analia. "Alisema ukijua utajichukia. Afadhali umchukie yeye."

Nilimchukia miaka tisa, kama alivyotaka.