Vitenge Vilivyolipa Ada ya Abigaël

Katika ukoo wa Abigaël pesa ya sherehe haikosekani. Pesa ya shule ndiyo haionekani. Kama nisingeyaona haya kwa macho yangu, ningesema ni masengenyo ya majirani wa mtaa wetu wa Katuba.

Abigaël alikuwa anamalizia masomo ya uhasibu katika chuo kimoja cha biashara hapa Lubumbashi. Baba yake, mzee wa reli mwenye asili ya Kasai, alikufa mapema, na tangu hapo msichana alilipa ada kwa kuunga vipande, kama mtu anayeshona blanketi kwa masalio ya fundi. Mwaka wa kwanza kanisa lao lilimpa bourse, yaani lilimlipia ada, mpaka mchungaji alipohamishwa na mchungaji mpya akaja na wanafunzi wake wa kusaidia. Mwaka wa pili akapata kazi palepale chuoni, kwenye kibanda cha fotokopi. Mwenye kibanda alipokosa pesa alimlipa kwa fotokopi. Abigaël akawa na kurasa za kozi zote, hata zile ambazo hakusoma, ila hakuna chuo kinachopokea fotokopi kama ada.

Mwaka wa tatu akaenda kukopa kwenye chama cha akiba. Wakamtaka mdhamini mwenye mshahara. Mwenye mshahara katika ukoo ni Paulin, baba yake mdogo, dereva wa lori upande wa machimbo ya Kinsevere. Paulin alisema atatia sahihi kesho. Kesho ya Paulin ni ndefu kuliko barabara ya Kinsevere wakati wa mvua. Basi Abigaël akaanza kwenda Kipushi kuchukua unga unaovuka kutoka Zambia, akauza sokoni jirani na meza yangu ya vitenge. Ndivyo nilivyomjua. Alikuwa akinibishia bei hata siku ambazo hanunui, kwa mazoezi tu.

Mwaka wa mwisho akaandika mémoire yake, tasnifu ya kumalizia, ikakubaliwa. Ikabaki défense, kusimama mbele ya walimu na kuitetea. Lakini mwanafunzi mwenye deni hasimami. Alikuwa anadaiwa dola mia mbili, na mwisho wa kulipa ulikuwa Ijumaa, adhuhuri. Asipolipa, anarudi mwakani na ada nyingine juu.

Jumapili mbili kabla ya hapo ukoo ukakutana nyumbani kwa Paulin. Abigaël alidhani wamekutana kwa ajili ya deni lile. Walikuwa wamekutana kwa ajili ya sherehe.

"Famille, mutoto yetu anamaliza," Paulin akafungua. "Ni wa kwanza mu nyumba ya kaka yangu. Hatuwezi kufanya fête ya kutupatisha haya."

"Salle nilishaiona, kule hôtel Karavia," akasema shangazi yake, Hortense. "Iko na jardin ya maua. Bantu batapiga ma photo."

Kikapu kikazunguka. Noti zikaanguka humo bila mtu kununa: za ukumbi, za kuku, za bia. Wale wale ambao Abigaël alikuwa amewapigia simu mwaka mzima, wakamwambia mwezi huu ni mugumu, walikuwa wanapitana kutoa. Akasimama.

"Ba papa, ba maman, merci. Lakini mbele ya fête kuko solde ya chuo, dola mia mbili. Nikikosa kulipa, sitapita défense."

"Ile ni mambo ya masomo," Paulin akajibu. "Leo tunasemea fête."

"Papa, fête itakuwa ya nini kama sikupita?"

"Usituletee mukosi. Mungu atafungua mulango."

"Mungu atafungua, papa. Lakini caissière wa chuo anafunga saa sita, ku midi."

Watu wakacheka. Hortense hakucheka. "Huyu mutoto anabisha juu alisoma comptabilité," akasema, kana kwamba uhasibu ni ugonjwa.

"Mutoshe tu ku makuta ya bière," Abigaël akaomba wapunguze kwenye pesa ya bia.

"Na ba beau-frère batakunywa nini?" Paulin akauliza juu ya mashemeji, na alikuwa anauliza kweli. "Batarudi kwabo na kusema nini juu yetu?"

Hapo msichana mwingine angelia. Abigaël aliniambia kwamba alikaa kitako, akahesabu vichwa vilivyokuwa mle ndani. Maana bado kulikuwa na jambo moja halijazungumzwa, na kwetu hakuna sherehe ya kumaliza chuo bila hilo: sare. Kitenge kimoja kwa ukoo mzima, kila mtu anajinunulia chake na kumpelekea fundi wake. Asiye nacho anakaa nyuma karibu na choo, na picha hapigwi.

"Maman Hortense, uniforme utainunua wapi?" akauliza.

"Mu ville. Dola makumi mbili pièce."

"Miye nitaileta kwa dix-huit. Kitenge ile ile."

Dola mbili, kutoka ishirini hadi kumi na nane, zikamaliza mjadala. Kitu pekee ukoo ule unachopenda kuliko sherehe ni kupunguziwa.

Kesho yake asubuhi alikuwa mezani kwangu. Nataka ieleweke kwamba sikopeshi watu. Nakopesha vitambaa, tena kwa mwenye dhamana.

"Maman Germaine, nataka pièce makumi tano na moja, bei ya gros, ya jumla. Nitakulipa kadiri nauzisha."

"Dhamana yako ni nini? Unga?"

"Ni famille yangu."

"Hiyo famille iliyokataa kukusaidia?"

"Njo ile ile. Maman, unabajua. Hakuna mutu kwetu atakubali kuonekana ku Karavia bila uniforme."

Nimewahi kuwekewa rehani redio, baiskeli, hata mlango wa nyumba. Dhamana ngumu kuliko hiyo sijawahi kupewa. Nikasema kumi na tano, akasema kumi na tatu, tukaishia kumi na nne. Vitenge hamsini kwa faida ya dola nne, mia mbili kamili. Cha hamsini na moja kilikuwa chake mwenyewe, akakilipia palepale kwa pesa ya unga.

Shida ikaanza siku ya kwanza ya kuuza. Kila aliyefika alitaka kwa deni.

"Utaniandika, mutoto yangu," wakasema.

"Siandiki, maman. Ukileta makuta, unabeba."

"Na miye njo nilikubeba mugongoni ulipokuwa mudogo."

"Aksanti, maman. Ni dix-huit."

Wakanung'unika kwamba chuo kimemharibu. Mmoja akamwuliza faida inakwenda wapi, na Abigaël hakuficha: inakwenda kulipa solde. Yule mama akashtuka kama ameibiwa, halafu akanunua viwili kwa sababu jirani yake alikuwa amenunua kimoja. Pesa yangu ikarudi kidogo kidogo, yote kwa noti za franka zilizochakaa, mpaka ikaisha. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa chake.

Alhamisi vilikuwa vimebaki vinane, vyote vya Paulin, wake wa wanawe na wakwe zake. Paulin alikuwa ameviagiza, ila hakuwa ameleta pesa. Bila yeye, pesa ya deni isingetimia. Abigaël akampigia simu akiwa ameketi kwenye kigoda changu.

"Papa, bitenge byako biko hapa."

"Uviweke. Nitalipa fête ikiisha."

"Hapana, papa. Ba upande wa mama bananiomba bile munane. Nitabapatia leo."

Ukoo wa mama haukuwa umeomba kitu, nilikuwepo, naweza kushuhudia. Lakini upande wa baba kukaa bila sare huku upande wa mama umepangwa mbele umependeza, hilo Paulin asingeweza kulibeba hata kwa lori.

"Unaniuzishia miye, baba yako?"

"Papa, kama ungetia sahihi kule ku chama, leo ningekuwa mu nyumba nasoma."

Alikuja jioni, amekasirika, akalipa. Akatoa noti ya dola mia na nyingine ndogo ndogo, akaondoka na mzigo bila kuaga.

Ijumaa asubuhi Abigaël akaenda kulipa. Kabla ya saa sita alikuwa amerudi kwangu, anahema. Noti ya mia ya Paulin ilikuwa na mpasuko ukingoni, mfupi kuliko ukucha. Mnajua Lubumbashi: dola iliyochanika hata kidogo ni mgonjwa, hakuna kaunta inayoipokea. Wanaoipokea ni sisi wafanyabiashara, kwa punguzo.

"Maman, unibadilishie."

"Tisini."

"Uikamate kamili, leo tu."

"Weye ungeikamata kamili?"

Akafikiri. "Hapana," akasema.

Nikampa tisini. Zikapungua kumi. Akafungua begi, akatoa kitenge chake, bado kimekunjwa na karatasi ya kiwandani, akakiweka mezani.

"Quatorze, kumi na nne. Ni bei yako."

"Ilikuwa bei ya mtu asiye na haraka. Kumi."

"Maman Germaine, pikipiki inaningoja pale. Kumi na mbili, ama nakipeleka ku meza ya pili."

Nikatoa kumi na mbili. Kumi za deni, mbili za pikipiki. Alilipa, na wiki iliyofuata akapita défense kwa alama nzuri.

Karavia siku ile ilipendeza, siwezi kusema uongo. Bustani nzima ilikuwa ya rangi moja, upande wa baba na upande wa mama, na wakwe walikunywa mpaka wakasahau walikuja kwa nani. Katikati yao Abigaël, ndani ya suti ya kijivu aliyovaa kwenye défense, kichwa cheupe kwa poda waliyommwagia, kama desturi yetu kwa anayefaulu. Hortense akamvuta mkono mpiga picha alipofika.

"Mutoto, uniforme yako iko wapi? Unaharibisha photo."

"Niliiuzisha, maman."

"Uliiuzishia nani?"

Abigaël akaonyesha kwa kuchongoa mdomo. Nilikuwa kwenye foleni ya kuku, mgeni wake, nimekivaa, kimeshonwa vizuri. Nikawapungia mkono. Paulin akanitazama, akakitazama kitenge, akauliza niliuziwa kwa bei gani.

Kwa nini aliuza, hakuna aliyeuliza.