Injini Niliyoiita ya Japani

Nakiri mbele yenu. Nilihitaji injini ya bei nafuu ya kufufua gari langu. Kwa wauza vyuma chakavu wa mtaa wa Bombambili nikachagua iliyotoka kwenye gari la ajali, maana ndiyo pekee iliyokubali kuwaka. Sikuuliza ni ajali ya nani. Gereji nikajigamba kwamba imetoka Japani moja kwa moja, haijawahi kuonja vumbi la Namtumbo.

Jumapili baada ya misa nilimwomba padri anibarikie gari. Nikafungua boneti, nikarudia hadithi yangu ya Japani, majirani wakapiga makofi. Akasogea Mama Komba, ambaye mumewe alifariki mwaka jana kwa ajali ya gari barabara ya Namtumbo. Akainama, akashika kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kimefungwa kipande cha kitenge cha kijani. Nilikiona tangu mwanzo, nikadhani ni utaratibu wa Wajapani.

"Hiki nilikifunga mimi, mume wangu asiungue vidole," alisema taratibu. Makofi yakakoma. Akanitazama.

"Kwa hiyo, mwanangu, mume wangu alifia Japani?"