Fishi Nilichoma Bila Kulinganisha

Ni mi njo niliua yule tata, yule baba wa batu. Sikumugusa hata na kidole, lakini ni mi.

Nilikuwa karani ku dispensaire ya batumishi ba mugodi, hapa Kolwezi. Kila mugonjwa alikuwa na fishi yake, karata yenye dokta anaandika magonjwa na dawa zake, na masanduku ya fishi ilijaa mpaka haifungike tena. Dokta akaniambia: "Citoyenne, toa fishi za bale balishaacha kazi. Linganisha kila moja na liste ya buro, majina ya bale bangali ku kazi. Kisha uziweke mu kartoni miezi sita. Mbele ya ile, hatuchome kitu."

Miezi sita! Nilichoka mbele ya kuanza. Nikajiambia: mutu mwenye hakukuya miaka mbili, alishaenda kwabo. Nikatoa zote za vile, nikachoma asubuyi moja, nyuma ya jiko.

"Ulilinganisha, mama?"

"Ndiyo, dokta."

Bongo! Uwongo mutupu!

Kisha banaleta tata mumoja wa Dilala, fundi wa kuunga byuma. Miaka mbili hakugonjwa. Sasa kidonda ya muguu ilimupandisha homa, hasemi tena. Bibi yake, mwenye alioa, alikuwa Tenke, ku kilio ya mufu.

Infirmier, muuguzi wa kupiga sindano, akaniuliza: "Mama, fishi yake?"

Nikatafuta. Nilijua sitaiona. "Haiko."

"Basi ni mugeni. Andika mupya."

Nikaandika. Fasi ya dawa yenye mwili inakatala, nikapitisha mustari, maana yake: hakuna. Infirmier akamupiga sindano ya penisilini. Tata alikufwa mbele ya saa sita.

Bibi yake akafika kesho yake. "Lakini mulijua! Ile sindano ilishamuvimbisha koo zamani, hapa hapa! Dokta aliandika ku fishi yake na wino nyekundu, niliona na macho yangu!"

Sikulia. Balifukuza infirmier, na mi nikanyamaza.

Ule mujane, ninamukutaka ku soko, anauzisha makaa ya kupikia. Ananisalimia: "Jambo mama, batoto bako muzuri?" Ninaitika. Ndani hakuna kitu. Hata ku kanisa, batu banaimba, mi ninaangalia midomo yabo tu.

Wee mwenye banapatia kazi ya kutupa, sikia! Jina kwa jina, kidogo kidogo. Weka pembeni, ungoje. Moto hairudishe kitu.

Na kama ulishakosa, sema! Sema siku ile ile, hata bakufukuze. Kama ningesema "nilichoma", bangengoja bibi yake kwanza. Tenke haiko mbali.