Nilimwandikia mchimbaji "MAWE TUPU" kwenye skrini ya karasha, TypeScript ikaninyoosha

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Geita, siongezi chumvi.

Dada yangu Kabula anatengeneza web app. Kazi yake ya kwanza kaipata kwa Baba Doto, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu: skrini ya kuonyesha foleni ya mifuko ya mawe ya wachimbaji, badala ya daftari. Baba Doto akiikataa, hakuna mwingine mjini atakayempa kazi.

Mimi niko form three, likizo. Nikapewa kupamba. Nikawa nacopy utility classes, yaani vijina vya kuipa skrini rangi, kila mfuko na rundo lake la bg-hii text-ile, kama nabandika stika kwenye bajaji.

Nikijaribu rangi nyekundu, kwenye mfuko wa mzee mmoja mchimbaji nikaandika MAWE TUPU. Nikacheka peke yangu. Nikasahau kufuta.

Kwa msiojua: mfuko wa mtu haujasagwa, ukiuita mawe tupu, yaani hauna dhahabu, umeutia nuksi. Watu hushikana mashati.

Asubuhi skrini ikawashwa. Yule mzee mchimbaji akasoma, akaubeba mfuko wake apeleke karasha la jirani.

Baba Doto akamgeukia dada. "Kabula, nirudishie daftari langu."

Nilisubiri kofi. Kabula akachukua laptop tu, akaandika component moja, kipande cha code ya TypeScript, akaiita Hali. Inapokea maneno matatu tu: inasubiri, inasagwa, tayari. Classes zote kazifungia ndani, kila neno na rangi yake.

"Haya, mtundu. Ichafue."

Nikaandika mawe tupu. Mstari mwekundu wa kosa ukatokea hapohapo, hata sijasave. Nikaipachika pinki, ikagoma. Wakuu, walimu wa zamu wameshindwa kunibana, hii kitu imeniweza kwa mistari kumi. Nzuri balaa.

Baba Doto akaniamuru nirudie mbele yake. Ikagoma. Akamwita yule mchimbaji, aliyekuwa bado getini akitafuta bajaji.

"Njoo uone. Hata huyu mtoto akitaka, haikubali."

Mzee akauliza mfuko wake sasa unasemaje. Kabula akamwambia unasubiri. Akautua palepale ulipokuwa. Daftari halikuuliziwa tena.

Nilidhani types, hizi sheria za TypeScript za neno lipi linakubalika, ni ukuda wa kumsumbua anayeandika. Kumbe zinamlinda anayesoma dhidi ya watu kama mimi.

Nyie mnaobandika classes kila ukurasa, mnaishije? Semeni.

Na kabla hamjanishukia: nilimfuata mzee, nikampa shikamoo, nikakiri ni mimi. Akaitikia marahaba, akasema nisisogelee mfuko wake.